Deni la Saa Nane Usiku

Kwa karibu miaka miwili kompyuta yetu ya sebuleni ilikuwa na tabia moja. Ukiiwasha saa moja jioni ilikubali kazi kwa dakika kumi hivi, kisha ikaanza kuburuta miguu. Unasogeza kipanya, mshale unafika baadaye. Unaandika neno, herufi zinanyamaza, halafu zinamwagika zote kwa mpigo kama maharage mfuko ukitoboka. Na ndani ya boksi lake, chini ya meza, diski ilikuwa ikisaga: krrr, krrr, krrr, bila kupumzika. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la pili, ndiye aliyeipatia tabia hiyo jina. "Mama, kompyuta inatafuna."

Mimi ni mfasiri. Nalipwa kwa neno, si kwa saa, kwa hiyo kompyuta ikitafuna, inatafuna hela yangu. Mchana nilikuwa na ajira mjini. Tafsiri nilizifanya jioni, nyumbani Kihonda, Morogoro, kwenye mashine ya mtumba tuliyoinunua Kariakoo mwaka 2018: RAM ya GB 4, diski ya GB 500 ya aina ile ya zamani inayozunguka, Windows 10. Haikuwa mashine ya kujivunia, lakini faili la Word la kurasa arobaini halikupaswa kuishinda.

Jumamosi moja ya mwaka 2022, nikiwa na mkataba unaotakiwa kesho yake jioni, uvumilivu ukaniishia. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, lile dirisha linaloonyesha kila programu iliyo macho na kiasi inachokula. Safu ya diski ilisoma asilimia 100 na imekolea rangi. Prosesa ilikuwa kwenye asilimia 20 hivi, haina neno. Na juu kabisa ya orodha, mlaji mkuu: Antimalware Service Executable. Jina lake la ndani ni MsMpEng.exe, na ndiyo antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, Defender.

Nikaichagua, nikaiamuru ifungwe. Ikajibu kwamba sina ruhusa. Kompyuta yangu, risiti ninayo kabatini, naambiwa sina ruhusa.

Hasira ile haikuzaliwa usiku ule. Ilikuwa na umri.

Kazi ya kompyuta niliianza mwaka 2006 kwenye steshenari karibu na stendi ya Msamvu. Tulichapa barua za maombi, kadi za harusi, katiba za vikundi, ratiba za mazishi. Mteja anaingia, anachomoa flashi shingoni au kwenye soksi, anasema, "Dada, nitolee kurasa mbili." Flashi ile imetoka kuchomekwa ofisini kwake, kwa shemeji yake, na intaneti kafe tatu. Enzi hizo ukibofya alama ya flashi kwenye Windows XP, mashine ilisoma kwanza faili dogo liitwalo autorun.inf na kutii lilichoandikwa humo. Kirusi hakikuhitaji akili nyingi. Kilihitaji tu kuliandika lile faili. Conficker, aliyeanza kuenea mwishoni mwa 2008, aliutumia mlango huohuo kati ya milango yake mingine. Microsoft waliufunga katika Windows 7, na kwa zile za zamani wakatuma sasisho Februari 2011. Sisi tulikuwa tumeshaishi nao miaka mitano.

Bosi alimwita fundi. Fundi akatuwekea antivirusi. Mambo hayakutulia, akaongeza ya pili, kwa hesabu kwamba dawa mbili ni bora kuliko moja. Leo najua kilichotokea. Antivirusi husimama mlangoni mwa mafaili: kila faili linapofunguliwa, yenyewe inalipekua kwanza ndipo ilipitishe. Ukiweka mbili ni kama kuweka makondakta wawili kwenye daladala moja, kila mmoja anamdai abiria yuleyule nauli, na zaidi ya hapo wanashukiana wenyewe kwa wenyewe, maana ndani ya antivirusi mna alama za virusi, na mwenzake akiziona anapiga kelele. Kompyuta ya steshenari ilichukua robo saa kuwaka. Wateja wakahamia duka la pili.

Sasisho nalo lilikuwa safari. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, na kwa muda mrefu baadaye kwa sisi wa mikoani, intaneti ya steshenari ilikuwa ndoto. Kila Ijumaa bosi alinipa flashi na nauli niende intaneti kafe kupakua orodha mpya ya virusi, niilete tuijaze kwa mkono. Nilileta orodha, na pamoja nayo nilileta virusi vya kafe. Dawa na ugonjwa vilisafiri kwenye flashi moja.

Fundi wetu, niseme kwa heshima yake, alikuwa mtu wa hadithi. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba NOD32, antivirusi aliyokuwa akiiapia, inatoka Bratislava, Slovakia, na kwamba NOD ni ufupisho wa maneno yenye maana ya "hospitali ukingoni mwa diski". Nilidhani ananitania. Miaka mingi baadaye nilihakikisha: waliounda programu hiyo mwaka 1987 walicheza na jina la tamthilia ya televisheni iliyopendwa sana Czechoslovakia, iliyohusu hospitali ukingoni mwa mji. Hadithi hiyo naipenda hadi leo. Lakini nilipoacha kazi steshenari sikuondoka na mapenzi kwa hospitali hizo. Niliondoka nikiamini kwamba antivirusi ni ushuru: unalipa ili usiulizwe, na hujui hela inakwenda wapi.

Basi mashine ya Kariakoo ilipoingia nyumbani na kuonekana nzito kidogo, nilijua wa kumlaumu. Wakati huo Defender haikuwa kitu cha kuweka wala kuondoa. Microsoft walikuwa wamenunua kampuni iitwayo GIANT mwishoni mwa 2004 kwa ajili ya kupambana na programu za kipelelezi, na kufikia Windows 8 ya mwaka 2012 Defender ikawa antivirusi kamili ndani ya mfumo wenyewe. Niliuzima ulinzi wake wa papo kwa papo kwenye mipangilio. Baada ya muda ukajiwasha. Nikauzima tena; nilipoiwasha kompyuta kesho yake, nao uko macho. Ndipo kijana wa jirani, aliyekuwa akisomea mambo ya IT, akaniletea busara yake.

"Dada, usihangaike kuizima. Wewe iambie tu isiangalie."

Kumbe kuna orodha ya vitu ambavyo Defender inaagizwa isivikague. Imewekwa kwa sababu nzuri, nitaifikia. Kijana akaingiza humo diski nzima ya C. Kisha, kwa kuwa nilimlalamikia kwamba flashi nazo zinachelewa kufunguka, akaongeza E na F. Dakika tano, kazi imekwisha, akanywa soda akaenda. Kompyuta ikakimbia. Nilimsifu kwa mume wangu kama mtu aliyemponya mgonjwa.

Kitu ambacho sikukiona ni hiki: ile ngao ndogo chini kulia kwenye skrini ilibaki na tiki yake ya kijani. Defender ilikuwa inawaka. Ilikuwa imeambiwa tu kwamba nyumba nzima, mlango wa mbele na wa uani, si kazi yake.

Ilichukua miezi mitatu. Mwaka 2020, mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliniletea flashi yenye muhtasari wa tasnifu yake niufasiri. Nilipoifungua, folda zilikuwa na kimshale kidogo pembeni, kile cha njia ya mkato. Niliona, nikapuuza, nikabofya. Folda ikafunguka, kazi ikafanyika, flashi ikarudi kwa mwenyewe. Kirusi cha aina hii ni mwigizaji mzuri: kinayaficha mafolda halisi, kinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale, na ukibofya kinajiendesha kwanza, kisha kinakufungulia folda uliyoiomba ili usishtuke. Wiki hiyo kila flashi iliyogusa kompyuta yangu iliondoka nacho. Mmoja wa wenye flashi hizo alikuwa mzee wa kanisa letu. Jumapili ya pili katibu wa parokia akasimama mbele ya waumini kueleza kwamba matangazo hayakuchapwa kwa sababu kompyuta ya ofisi "imemeza mafaili". Nilikuwa kiti cha nne. Niliinamia kitabu cha nyimbo na sikuinuka hadi baraka.

Mafaili hayakumezwa. Yalifichwa. Kwa flashi iliyo kwenye herufi E unafungua dirisha la amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, yanarudi hadharani. Halafu unafuta zile njia za mkato na kuiachia antivirusi isake mwenye kuzitengeneza. Nilikwenda ofisi ya parokia mwenyewe, nikafanya hivyo, nikaomba radhi. Nyumbani nikaifuta ile orodha ya kijana yote, herufi kwa herufi. Na usiku huohuo, kwa woga wa mtu aliyeungua, nikafanya na mambo mengine ya kujihami, niliyoyaokota huku na kule, saa sita usiku, macho mazito. Kesho yake nikayasahau.

Sasa turudi kwenye Jumamosi ile ya 2022. Mkataba niliumaliza usiku sana, neno moja moja. Kilichonisaidia siku iliyofuata hakikuwa ujuzi wa kompyuta, kilikuwa ugonjwa wa kazi yangu: mfasiri husoma hadi maandishi madogo. Windows ina daftari la matukio, Event Viewer, ambalo karibu hakuna mtu wa nyumbani anayelifungua. Ndani yake, ukishuka kwenye folda za Microsoft, kisha Windows, kisha Windows Defender, antivirusi imeandika kila ilichofanya, kwa namba. 1000 maana yake ukaguzi umeanza. 1001, umekamilika. 1002, umesimamishwa kabla ya kukamilika.

Nilivuta kiti nikasoma kama ninavyosoma hati ya mtu.

1000, saa 19:04, ukaguzi kamili. Siku ya pili, 1000, saa 19:11, ukaguzi kamili. Siku ya tatu, 1000, saa 18:57. Kila jioni, dakika chache baada ya mimi kuwasha. Nikatafuta 1001. Zilikuwepo chache, za ukaguzi mfupi, ule unaopitia tu sehemu ambazo virusi hupenda kujificha. Za ukaguzi kamili, ule wa kusoma faili kwa faili, sikupata hata moja, kadiri daftari lilivyorudi nyuma. Jioni baada ya jioni mashine yangu ilianza kusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu kinene, ikafika katikati, ikanyang'anywa. Kesho yake ikaanza tena ukurasa wa kwanza.

Nani aliyeipangia? Nikafungua Task Scheduler, ratiba ya kazi za mashine. Juu kabisa, nje ya folda za Microsoft, kazi moja kwa herufi kubwa: SKANI USIKU. Kila siku saa 02:00. Amri yake ilikuwa MpCmdRun.exe pamoja na maagizo ya ukaguzi wa aina ya 2, yaani kamili. Chini, kijisanduku kimewekewa tiki: kama muda wa kazi ulipita bila kufanyika, ifanywe mara tu itakapowezekana. Na kwenye nafasi ya mwandishi wa kazi hiyo, jina langu.

Nilicheka peke yangu sebuleni. Halafu sikucheka.

Maana saa nane usiku kompyuta yetu haijawahi kuwa macho. Mama yangu mzazi anaishi nasi, na ndiye waziri wa nishati wa nyumba hii. Kabla ya kulala anapita soketi moja hadi nyingine ukutani, anazima: televisheni, kompyuta, hata chaja isiyo na simu. Ana sababu zake mbili na zote nzito. Ya kwanza ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ya pili ni kwamba umeme uliwahi kukatika usiku, ukarudi kwa kishindo, ukaondoka na televisheni ya awali. Hakuna mtu anayebishana naye. Kwa hiyo kazi ya saa nane ilikuta mashine imekufa, ikasubiri, na nilipobonyeza kitufe saa moja jioni ya siku inayofuata, ikajitokeza kudai. Kila jioni nilikuwa nalipa deni la usiku uliopita, na deni lenyewe nilikuwa nimelikopa mimi.

Miaka miwili nimemtukana mtumishi kwa kufagia watu wakiwa mezani, kumbe mimi ndiye niliyemwambia afagie na kumfungia nje mpaka chakula kipakuliwe.

Tangu hapo nimezoea kuitazama ile programu moja kama watu wawili. Yupo wa mlangoni: anakagua faili wakati linafunguliwa au kupakuliwa, analinganisha na alama anazozijua, anaangalia mwenendo wake, akishuku anaweza kuuliza kwa wakubwa wake kwenye intaneti. Kazi yake ni ya sekunde, na kwa kawaida humsikii. Faili alilokwisha kulipitisha na halijabadilika, hana haja ya kulipekua upya kila mara. Yupo na wa stoo: huyo ndiye anayefungua maboksi yote moja moja. Wa mlangoni usimguse. Wa stoo ndiye wa kupangiwa saa.

Na maboksi nayo ni yako. Kuna chombo kingine ndani ya Windows, Resource Monitor, kinachoonyesha ni faili gani hasa linasomwa dakika hii. Nilikiacha wazi ukaguzi ukiendelea, nikaona majina yakipita: picha za harusi za mwaka 2011 zilizobanwa kwenye zip, nakala ya folda ya steshenari, nakala ya nakala hiyo, halafu ya tatu yenye jina "MPYA KABISA USIFUTE". Faili la zip ni kazi nzito kwa mkaguzi kwa sababu hawezi kulihukumu kwa ganda. Lazima alifungue ndani kwa ndani, apekue kila kilichomo, ndipo asonge mbele. Nilikuwa na karibu GB 90 za vitu vilivyojirudia. Kufuta nakala mbili za steshenari kulipunguza kazi kuliko mpangilio wowote nilioujaribu.

Nilijaribu pia ule mpangilio unaosifiwa sana na vijana. Defender ina kikomo cha wastani wa prosesa inachojiruhusu wakati wa ukaguzi uliopangwa. Ikitoka kiwandani ni asilimia 50, na kwa PowerShell, dirisha la amri la Windows, unaweza kukishusha: Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20. Nikakishusha. Hakukuwa na tofauti ya kusimulia. Kwangu kilichokuwa kinakwama si prosesa, ilikuwa ni diski. Ile asilimia 20 ya prosesa na 100 ya diski niliyoiona Jumamosi ilikuwa imeshaniambia, sikuisikia. Diski inayozunguka ina mkono mmoja wa kusomea unaokimbia huku na kule juu ya sahani, na wakiutaka wawili, Word na mkaguzi, wote wanangoja. Mwaka 2023 tulibadilisha, tukaweka SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240. Mtu akiniuliza leo hela kidogo aliyonayo aiweke wapi kwenye kompyuta ya zamani, simwambii anunue antivirusi.

Orodha ya visivyokaguliwa nimeirudia, ila sasa ina mstari mmoja. Programu yangu ya tafsiri huhifadhi kumbukumbu ya sentensi zote nilizowahi kufasiri katika hifadhidata moja kubwa, ambayo huandikwa na kusomwa kila ninapomaliza sentensi. Kila ilipoguswa, wa mlangoni alikuwa anasimama nayo. Folda hiyo naijua, naiandika mimi na programu hiyo tu, hakuna mgeni anayelala humo. Nimeiachia. Folda ya vilivyopakuliwa, sikuiachia. Meza ya skrini, hapana. Flashi, hata ije na askofu.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa nimeulizwa na wengi: jina peke yake si kitambulisho. Programu chafu inaweza kujiita MsMpEng.exe kama mtu anavyoweza kuvaa fulana ya kampuni ya umeme. Kwenye Task Manager bofya kulia, chagua kufungua mahali faili lilipo. Ile halali, kwenye Windows 10, inakaa ndani ya ProgramData, kwenye folda za Microsoft na Windows Defender, katika kijifolda chenye namba ya toleo; zamani ilikaa Program Files. Ukiikuta kwenye folda ya vitu vya muda au kwenye flashi, hapo ndipo pa kuogopa. Na yale madirisha yanayokurupuka ukiwa kwenye tovuti, yakilia kwamba una virusi 37 upige namba fulani, hayo hayatoki kwa mkaguzi wa aina yoyote. Funga kivinjari, endelea na chai yako.

Tarehe 19 Julai 2024 kijana wa jirani alikuja mbio. Sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi zinazotumika zaidi maofisini kuliko majumbani, lilikuwa limeangusha kompyuta za Windows, milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Viwanja vya ndege na benki vimesimama, skrini za bluu kila mahali. "Unaona, dada? Hawa walinzi ndio wanaotumaliza." Nilimpa soda. Kweli, programu hizi zinakaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na kwa sababu hiyo zikikosea zinaanguka na nyumba. Lakini zinakaa huko kwa sababu virusi navyo vinapigania kiti hichohicho, na anayekaa sebuleni hawezi kumzuia aliye chumbani. Hakuridhika. Aliniuliza kama bado nina ule mstari wake wa diski C. Nilimwambia aende akamuulize katibu wa parokia.

Ratiba niliyoifuata mwishowe, kabla hatujabadilisha diski, ilitokana na nyumba yetu, si na kitabu. SKANI USIKU niliifuta. Siku za kazi nikaacha ukaguzi mfupi ufanyike kwa mpango wa Windows yenyewe, unaosubiri mashine ikiwa imekaa bure. Ukaguzi kamili nikaupangia Jumapili saa tatu asubuhi, tukiwa kanisani. Jumapili ya kwanza tulirudi tukaikuta kompyuta imelala usingizi: sikukumbuka kwamba imewekewa isinzie baada ya nusu saa bila kuguswa. Daftarini kulikuwa na 1000 moja, basi. Jumapili ya pili niliondoa usingizi. Niliporudi sikuvua hata viatu. 1000, saa 09:00. 1001, saa 12:52.

Ilibaki kumshawishi waziri wa nishati. Nilimpigia hesabu: mashine kama hii kwa saa nne hizo haifikishi hata nusu ya uniti, andazi lake la asubuhi ni ghali zaidi. Alikubali kwa shingo upande. Lakini mkono wa mtu una mazoea yake, na yeye hutangulia misa ya kwanza na kurudi kabla yetu. Nikabandika karatasi juu ya soketi, kwa herufi kubwa asihitaji miwani: USIZIME, KAZI INAENDELEA MPAKA SAA SABA.

Jumapili iliyofuata niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kochi, kanga mabegani, anaitazama skrini nyeusi. Chini ya meza diski inasaga taratibu.

"Nimesoma karatasi yako," akasema. "Nikakaa nimsubiri. Saa sita sasa. Huyo anayefanya kazi yuko chumba gani?"